Kalamu, Jembe na Nyumbu wa Simanjiro

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za jarida letu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi hudhani si letu. Sisi tu watu wa meza na daftari. Tukisikia habari za wanyama wa mwitu twasema hiyo ni kazi ya Bwana Nyama. Tukisikia habari za mahindi na maharage twasema hiyo ni kazi ya Bwana Shamba. Lakini uko uwanda mmoja, nao ni Simanjiro katika Mkoa wa Manyara, ambako kazi hizo mbili hukutana juu ya udongo ule ule. Na kinachoamua ni ipi itakayoshinda si bunduki ya askari wala jembe la mkulima, ila ni karatasi iliyopita mikononi mwa mtumishi. Kwa hiyo jambo hili ni letu, tena ni letu kuliko lilivyo la mtu mwingine.

Nitasema shauri langu tangu mwanzo, ili asomaye ajue ninakokwenda. Naona kwamba uwanda wanakozalia nyumbu usilimwe. Kwamba kilimo kipewe mahali pake panapokifaa, wala kisifukuzwe. Kwamba wenyeji wanaobeba mzigo wa wanyama wapewe hati za malisho yao na faida inayoonekana. Na kwamba mtumishi wa Serikali asiwe na shamba katika mapitio ya wanyama, hata kama amelipata kwa njia iliyo halali.

Kwanza yafaa tujue nchi yenyewe ilivyo. Magharibi ya uwanda huo ipo Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyotengwa kuwa pori la akiba mwaka 1957, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 2,850. Mto Tarangire hutoa maji hata katika kiangazi kikali, na kwa sababu hiyo, tangu mwezi wa Juni hadi Oktoba, wanyama hukusanyika hapo kwa maelfu. Mgeni ajaye wakati huo huona tembo, punda milia na nyumbu wamejaa kila upande, naye hurudi kwao akiamini ya kuwa ameona makao yao. La, hakuona makao yao. Ameona kisima chao. Maana mvua za kwanza zinyeshapo, yapata mwezi wa Novemba, kundi kubwa hutoka. Wengi huenda mashariki, katika Simanjiro. Wengine hupita kaskazini katikati ya Tarangire na Ziwa Manyara, mahali paitwapo Kwakuchinja, wakafika mpaka nchi za Gelai na Ziwa Natron. Safari hizi si habari mpya. Mtaalamu Hugh Lamprey alizichunguza na kuandika juu yake tangu miaka ya 1960.

Wala hawatoki kwa kupenda matembezi. Majani mafupi ya Simanjiro yana madini ya fosforasi kuliko majani ya ndani ya hifadhi, na jike anyonyeshaye hawezi kutoa maziwa ya kutosha pasipo madini hayo. Ndiyo sababu nyumbu huzaa kule uwandani, yapata mwezi wa Februari, mahali penye majani mema na ambapo adui huonekana kwa mbali. Basi mtu asemaye, "Wanyama wamekwisha pewa hifadhi, waridhike nayo," amesahau kwamba hifadhi ni nyumba yao ya kiangazi tu. Nyumba yao ya masika iko nje, katika ardhi za vijiji. Na nyumba hiyo ikivunjwa, ile ya kwanza itabaki na kuta bila wakazi.

Ubomoaji huo ulikwisha anza zamani. Tangu miaka ya 1980 mashamba makubwa ya maharage na mahindi yaligawiwa upande wa Lolkisale na Simanjiro, na mengi kati yake yalikuwa ya watu na makampuni kutoka nje ya vijiji. Njia za wanyama zilisongwa moja baada ya moja. Nyumbu wa Tarangire, ambao katika miaka ile ya 1980 walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki elfu chache. Sisemi kwamba jembe peke yake ndilo lililowamaliza. Uwindaji wa haramu nao ulikuwa na sehemu yake, na ukame pia. Lakini mnyama aliyeponea mshale huweza kuzaa tena akiwa na mahali pa kuzalia, na asiye na mahali pa kuzalia hata ukimlinda kwa askari mia hatakuongezea kitu.

Labda mtu atasema nyumbu si mnyama wa kutiliwa huruma, kwa kuwa huko Serengeti wako zaidi ya milioni moja. Ni kweli. Lakini njia ya nyumbu ni njia ya wenzake pia. Tembo wa nyika walitangazwa mwaka 2021 kuwa wamo katika hatari ya kutoweka duniani. Twiga wa Kimasai, ambaye ndiye nembo ya taifa letu, aliingizwa katika daraja hiyo hiyo mwaka 2019. Mbwa mwitu naye yumo humo tangu zamani, na yeye ahitaji nchi pana kuliko wote. Hawa hawana uwanda wa peke yao. Hutumia nchi ile ile iliyo wazi kwa sababu ya malisho ya ng'ombe na nyumbu. Ukiilinda njia moja umelinda abiria wote.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa maana si haki kumhukumu mkulima pasipo kumsikiliza. Mkulima wa kando ya hifadhi ana maneno mazito. Yeye hulala shambani miezi miwili akipiga debe, naye hawezi kuwazuia tembo watano wasimalizie usiku mmoja kazi ya mwaka mzima. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo yaitwayo kifuta jasho, kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na ekari zilizohesabiwa hazikuzidi tano. Aliyeuawa na mnyama, jamaa zake walipewa kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Jina lenyewe lakiri kwamba si fidia. Katika miaka iliyofuata, shilingi 25,000 mara nyingi hazikutosha kununua hata gunia moja la mahindi. Na kabla ya kuzipata, mwenye shamba alipaswa kungoja afisa aje kupima, fomu ipande wilayani na makao makuu, kisha irudi. Mtu aliyelipwa hivyo, tukimwambia apende tembo kwa ajili ya nchi yake, atatusikiliza kwa adabu tu.

Mfugaji naye ana deni analodai. Nyumbu wanapozaa, hutoa ugonjwa ambao hauwadhuru wao lakini huua ng'ombe, nao huitwa homa ya nyumbu. Kwa hiyo mfugaji hulazimika kuwaondoa ng'ombe wake katika majani yaliyo bora kabisa ya mwaka, akawapeleka penye majani hafifu, ili nyumbu wale kwanza. Katika miaka ya 2010 wataalamu walijaribu chanjo ya ugonjwa huo Emboreet, Simanjiro, nayo ikaonyesha kinga ya sehemu. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo mfugaji alikuwa akilipa kodi kwa wanyama wa taifa, na hakuna aliyempa stakabadhi. Tena katika kutengwa kwa Tarangire alikwisha poteza maji na malisho ya kiangazi. Haifai tumwendee kana kwamba ni yeye aliyekuja kukopa.

Basi kwa nini mfugaji huyo naye alishika jembe? Wengine husema kwamba ameacha mila, wengine kwamba amestaarabika. Sababu zilikuwa mbili zilizo wazi zaidi. Ya kwanza ni njaa: watu wameongezeka, ng'ombe kwa kila mlango wamepungua, na unga lazima ununuliwe. Ya pili ni hofu. Wenyeji waliona kwamba ardhi ya malisho ikionekana tupu machoni pa mgeni huitwa pori lisilo na mwenyewe, ikagawiwa. Lakini ardhi iliyolimwa, hata ikiwa ekari tatu za mahindi yaliyokauka, huitwa shamba la fulani. Basi wengi walilima ili kuweka alama, wala si kwa tamaa ya mavuno. Jambo hili ni kubwa, nami naomba msomaji alishike. Ikiwa sehemu ya kilimo cha uwandani ilizaliwa na hofu ya kunyang'anywa, basi dawa yake si amri ya kukataza kulima. Amri huongeza hofu, na hofu huongeza jembe. Dawa yake ni kuondoa hofu.

Nasema hivi kwa kuwa imekwisha jaribiwa. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat kilipatana na makampuni kadhaa ya utalii ya Arusha. Kijiji kilikubali kwamba sehemu ya uwanda wake isilimwe, isichomwe mkaa wala kujengwa makazi ya kudumu, na ng'ombe waendelee kulisha humo kama zamani. Makampuni nayo yakakubali kulipa kijiji kila mwaka, hapo mwanzo kama shilingi 5,000,000, na vijana wa kijiji wakawekwa kuwa walinzi. Hakuna aliyehamishwa, wala ng'ombe hawakufukuzwa. Baadaye ikaja njia ya hatimiliki za kimila za pamoja, ambazo kwazo jamii hupewa hati ya malisho yake, isigawanywe wala kuuzwa vipande vipande. Edward Loure, mwana wa Simanjiro, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hiyo, na wakati huo ardhi iliyopata hati kwa njia hii kaskazini mwa nchi yetu ilikuwa zaidi ya ekari 200,000. Katika vijiji hivyo hivyo yamejengwa mazizi ya waya na miti hai inayochipua badala ya nguzo zilizokufa, ili simba asiingie usiku. Simba asiyeweza kula ng'ombe hatafutwi kwa mkuki asubuhi.

Sitaki kuzipamba habari hizi. Shilingi milioni tano kwa kijiji kizima ni fedha ndogo. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga njia za wageni, kila mahali palipotegemea utalii peke yake paliona jinsi tegemeo hilo lilivyo jembamba. Tena ziko jumuiya za hifadhi ya wanyamapori ambamo wanavijiji wamenung'unika kwamba mapato ni haba na malisho yamepungua. Lakini makosa ya njia hizi ni makosa ya kipimo, nayo husahihishika. Kosa la kulima uwanda wa kuzalia halisahihishiki upesi, kwa kuwa majani ya kudumu yakisha ng'olewa kwa trekta hayarudi kwa barua.

Na kilimo je? Kilimo kina haki yake, nami sitaki kimalizwe kwa jina la twiga. Lakini si kila udongo mweusi ni shamba. Uwandani mvua ni chache na haina ahadi; mara nyingi hukatika mahindi yakiwa katika mbelewele, na mwenye shamba huvuna mabua. Ardhi hiyo hiyo ikiachwa malisho hulisha ng'ombe na nyumbu mwaka ule ule. Kwa hiyo hesabu ya mkulima mwenyewe, kabla ya kufika hesabu ya Bwana Nyama, yasema kwamba jembe lipelekwe kwenye miinuko na mabonde yapatayo maji, karibu na makazi, na mashamba yakae pamoja. Shamba moja moja lililotawanyika katikati ya njia ya wanyama haliwezi kulindwa. Mashamba hamsini yaliyoungana hulindwa na watu hamsini. Mashamba yaliyoungana huweza pia kuzungushiwa mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, kila mita kumi au zaidi kidogo. Huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ua wa namna hiyo ulirudisha nyuma karibu asilimia 80 ya tembo waliolikaribia shamba. Tena mizinga huleta asali, ambayo uzio wa miiba hauleti.

Sasa nafika mahali panapotugusa sisi. Sheria hazikukosekana. Iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iko Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, iko Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ziko kanuni za mwaka 2018 juu ya mapitio ya wanyama, ambayo siku hizi huitwa shoroba. Mwaka 2009 wataalamu waliorodhesha shoroba 31 katika Tanzania; mwaka 2022 orodha ya Serikali ilitaja 61. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, nasi ndio washika daftari. Na mali ikiisha safari hii, itaisha kwa habari.

Mahali tunapopungukiwa ni hapa. Afisa kilimo hupimwa kwa ekari zilizoongezeka. Afisa wanyamapori hupimwa kwa wanyama waliosalia. Afisa ardhi hupimwa kwa viwanja vilivyopimwa na hati zilizotoka. Kila mmoja hufanya kazi yake kwa uaminifu, kila mmoja ana ramani yake ukutani, na mara nyingi ramani hizo tatu hazijatandikwa juu ya meza moja hata siku moja. Mwanakijiji huenda ofisi ya kwanza akaambiwa alime, huenda ya pili akaambiwa asilime, huenda ya tatu akaambiwa alete ada. Kisha twashangaa kwamba hatuamini.

Tena liko jambo lililo chungu zaidi, nalo sharti lisemwe humu kwetu kabla halijasemwa nje. Twaijua sote namna inavyokuwa. Mtumishi huenda safari ya kazi, akaiona nchi nzuri. Huzungumza na wakubwa wa kijiji. Kwa heshima ya cheo chake hapewi jibu la hapana. Muhtasari huandikwa, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ndio ungepaswa kukubali kwanza, husikia habari trekta likisha fika. Mwenye shamba yuko mjini, analima kwa simu. Ekari zake hamsini ziko katikati ya njia ya nyumbu. Mvua ikikosa, yeye ana mshahara. Ng'ombe wa jirani wakiingia katika mabua yake, jirani hutozwa faini. Na siku afisa mwenzake anapotumwa kusema kwamba mapitio hayo yafungwe kwa kilimo, huyo mwenzake aanze na shamba la nani?

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba mtumishi naye ni mwananchi, kwamba mshahara hautoshi, na kwamba siku ya kustaafu haina huruma kwa asiye na shamba. Maneno hayo ni ya kweli, wala simwambii mtu asilime. Nchi hii ni pana. Ziko wilaya nyingi zenye mvua ya hakika na ardhi iliyopangwa kwa kilimo, nako mtumishi alime kwa nguvu zake zote. Nasema tu kwamba mwamuzi haingii uwanjani kuupiga mpira wa mchezo anaouamua, hata akiwa mchezaji hodari, hata kanuni ikiwa imesahau kumkataza. Atakayeheshimu filimbi yake ni nani?

Kwa hiyo naleta mashauri manne, nami naomba yajadiliwe katika mkutano mkuu wa chama chetu utakaofuata. Kwanza, wanachama walioko wilaya zilizo kando ya Tarangire wakubaliane kukutana kabla ya kila msimu wa kulima, idara tatu meza moja, ramani tatu zikitandikwa pamoja, na viongozi wa vijiji wakiwapo. Pili, ombi la hatimiliki ya pamoja ya malisho litangulizwe mbele ya ombi la shamba la mtu wa nje. Tatu, fomu za kifuta jasho zisikae juu ya meza ya mwanachama wetu zaidi ya juma moja. Hili halihitaji bajeti wala sheria mpya, lahitaji bidii tu. Nne, kila mwanachama aliye na shamba ndani ya shoroba lililoorodheshwa alitangaze kwa chama na kulirudisha kwa kijiji kwa hiari yake, na asiyetaka kufanya hivyo asikae katika kamati yoyote inayoamua mambo ya ardhi katika wilaya hiyo.

Shauri la nne litawaudhi wengine. Lakini tukilikataa hilo tukayakubali matatu ya kwanza, vijiji vitatutazama na kujua tunachopenda. Nyumbu hana kura wala hawezi kuandika barua kwa mhariri. Februari ikifika atakwenda Simanjiro kama baba zake walivyokwenda, naye atakuta huko ama majani ama mabua. Litakalokuwapo litakuwa limeandikwa kwanza kwa mkono wa mmoja wetu.

Wasalaam,

Ni mimi mwanachama mwenzenu.